Kisigino cha Mpima Mizani

Hotuba ya wakimbiaji sita wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Halmashauri imetutaka sisi wakimbiaji sita tuseme maneno machache juu ya mbio tulizokwenda kukimbia Moshi mwezi wa Februari, mwaka 2025, kwa ajili ya kuchangia nyumba ya kungojea wazazi. Waliotutangulia hapa wamesema habari za mbaazi, vitunguu saumu, maghala na mikopo, nazo ndizo kazi za Chama. Sisi tumepewa jambo dogo. Lakini katika kila chama cha msingi tulikopita tangu siku zile, swali la kwanza halikuwa la fedha wala la nani alitangulia. Liliulizwa hivi: "Yule mpima mizani, na kisigino kile, mbona mlimwacha akimbie?" Na mahali pengine liliulizwa kinyume chake: "Mbona mlimsimamisha?" Basi tumeona yafaa tuieleze habari hiyo kwa urefu, mbele ya wote, ili ikiingia katika kitabu hiki iingie kama ilivyokuwa.

Nyumba yenyewe mwaijua. Vijiji vyetu vimetawanyika juu ya vilima vya Mbulu, na masika yakishika, makorongo hujaa na njia hukatika. Mama aliyekaribia kujifungua akikaa kwake mpaka uchungu uanze, huenda akachukuliwa juu ya kitanda usiku wa mvua, na wengine wetu hapa tumewahi kushika miguu ya vitanda hivyo. Akiwa na mahali pa kulala karibu na kituo cha afya majuma mawili au matatu kabla ya siku zake, shida hiyo haimpati. Chama kilitoa kiwanja na mawe ya msingi. Fedha za kuta na paa ndizo tulizotumwa kuzikimbilia.

Utaratibu ulikuwa huu. Vyama vya msingi sita vilitoa mkimbiaji mmoja mmoja, na kila mwanachama aliyependa akaandika katika daftari ahadi yake kwa kila kilomita ambayo mkimbiaji wake atakimbia. Mbio za marathoni ni kilomita 42 na mita 195, masafa ya ajabu yaliyokimbiwa mara ya kwanza London mwaka 1908 na kuwa sheria baadaye. Wapo walioandika shilingi, wapo walioandika kisaga cha maharage, na bibi kizee mmoja aliandika yai moja kwa kila kilomita, akatuuliza kama zile mita 195 zahitaji yai zima. Tulilicheka neno lake, lakini tuliona papo hapo kwamba ahadi ya namna hiyo ni nzito kwa anayekimbia. Kilomita isiyokimbiwa ni tofali lisilowekwa. Mtu akilijua hilo, hukimbia hata pale ambapo mwili wake wamkataza.

Mpima mizani wetu, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa ametuomba hivyo, ni mwanamke wa makamo, mama wa watoto wanne, na wawili kati yao aliwazaa njiani. Ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Mwishoni mwa Novemba 2024, majuma 13 kabla ya mbio, aliamka asubuhi moja akaona hatua zake za kwanza kutoka kitandani ni kama za mtu aliyekanyaga mwiba. Hapakuwa na mwiba. Juu ya kisigino cha kulia, kama vidole viwili hivi, kano ilikuwa imevimba na kuuma ilipobanwa. Alipotembea kidogo maumivu yalipungua, akaja kazini, akapima magunia kama kawaida. Jioni alikimbia nasi, na kesho yake asubuhi hakuweza kushuka ngazi ila kwa kushika ukuta.

Ndugu, kano hiyo ndiyo nene kuliko zote mwilini. Imeshikamana na misuli ya shavu la mguu kwa juu, na mfupa wa kisigino kwa chini, na kila mtu anaporuka au kukimbia, yenyewe ndiyo kamba inayovutwa. Waliopima wasema kwamba mtu akikimbia, kano hiyo huvutwa kwa nguvu iliyo kama mara sita hadi nane ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 basi, kila hatua ni magunia manne au matano juu ya kamba moja. Hesabuni hatua moja kuwa mita moja: ni hatua 42,195, na nusu yake ni za mguu mgonjwa. Isitoshe, damu inayoifikia kano ni kidogo kuliko inayoufikia msuli, ndiyo maana msuli ukichoka hupona kwa siku, na kano huchukua miezi.

Ushauri tulioupata vijijini ulikuwa wa namna mbili. Wengine walisema apumzike kabisa, asiushughulishe mguu mpaka mwakani. Wengine walisema akaze moyo, maumivu yatazoea. Tulikwenda naye kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, naye akazikataa njia zote mbili. Alitupa mfano ambao kila mkulima wa hapa aufahamu. Ng'ombe wa jembe akichubuliwa na nira, humrudishi kulima siku ile ile kwa kuwa shamba halijaisha. Lakini pia humfungi zizini mwaka mzima, kwani akitoka huko atakuwa amesahau nira na nguvu zake zimekwisha. Humpa mzigo mdogo, ukaongeza kidogo kidogo. Kano nayo ndivyo ilivyo. Ikinyimwa kazi kabisa hulegea, na ikirudishiwa kazi yote kwa ghafula hupasuka nyuzinyuzi zake. Ugumu wote uko katika kujua kipimo.

Tiba aliyopewa ina historia yake, nasi tunaomba mtuvumilie tuieleze, kwa kuwa haina dawa wala gharama, na yeyote kati yenu aweza kuihitaji. Katika nchi ya Sweden alikuwako daktari mpasuaji wa mifupa, jina lake Håkan Alfredson, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji na alikuwa na ugonjwa huu huu wa kano. Yasimuliwa kwamba aliomba apasuliwe, mkubwa wake akakataa, maana kano haikuwa imekatika. Basi akaamua kuikata kwa kuitesa, akawa akisimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino chini kwa uzito wote wa mwili, siku baada ya siku, akitazamia ikatike. Haikukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza habari za wakimbiaji 15 wenye kano mbovu za muda mrefu, waliofanya zoezi hilo kwa majuma 12, na wote wakarudi kukimbia. Tangu hapo zoezi hilo limeenea duniani. Si kila mgonjwa anayeponywa nalo, na wataalamu wengine wamelibadilisha idadi na mwendo, lakini wazo lenyewe limebaki.

Hufanywa hivi. Mtu husimama kwa ncha za miguu ukingoni mwa kidato, visigino vikiwa nje. Hujiinua kwa mguu mzima, kisha huhamisha uzito wake kwenye mguu mgonjwa, na kushusha kisigino polepole mpaka kiwe chini ya kidato. Kupanda tena hutumia mguu mzima. Mara 15, kisha hupumzika, na kurudia hata zitimie duru tatu. Halafu duru tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Hayo yote asubuhi, na yote tena jioni. Ni mara 180 kwa siku, kila siku, hata Jumapili. Kwa majuma 12 ni mara 15,120. Maumivu yakipungua, mzigo huongezwa mgongoni.

Ngazi ya ghala letu ina vidato vitatu vya saruji. Mpima mizani alichagua cha chini. Kila asubuhi kabla ya kufungua ghala, na kila jioni baada ya kufunga, alisimama pale akishuka na kupanda, na wakulima waliokuja na mikokoteni yao waliposimama kumtazama, wengine walidhani ni ibada fulani. Lilipofika juma la nne aliambiwa aongeze mzigo. Alijipimia maharage kilo 5 kwa mizani ya Chama, akaandika katika daftari kwamba ni yake na si ya ghala, akayatia katika mkoba wa mtoto wa shule na kuuvaa mgongoni. Baadaye kilo 10. Karani wa hesabu alitaka kujua maharage yale yamo katika kitabu gani, na kwa kweli alikuwa na haki kuuliza.

Kuhusu kukimbia, mtaalamu alimpa kanuni nyingine, nayo pia imetoka kwa wataalamu wa Sweden. Maumivu yahesabiwe kutoka sifuri mpaka 10, ambapo sifuri ni hakuna, na 10 ni mabaya kuliko yote uwezayo kuyafikiri. Mazoezi yaruhusiwe mradi maumivu hayapiti 5, na mradi yawe yametulia asubuhi inayofuata. Yakizidi hapo, au yakilala nawe na kuamka nawe, mzigo wa jana ulikuwa mkubwa, basi punguza. Tuliipenda kanuni hii kwa sababu ni ya mizani. Haisemi "jikaze" wala haisemi "jihurumie". Yasema soma namba uiandike. Yeye aliiandika kila siku kwa penseli nyuma ya daftari lake la magunia: tatu, mbili, tatu, tano, nne, mbili.

Sisi wengine watano tulikimbia siku tano kwa juma. Yeye alikimbia siku tatu, na mahali tambarare tu, maana mlima huivuta kano kupita kiasi. Mwezi wa Desemba alikimbia kwa dakika na kutembea kwa dakika, kama mtoto anayejifunza. Mapafu na moyo vilihitaji kazi yao pia, visije vikalala wakati kano ikipona, hivyo siku nyingine alipanda baiskeli. Kila Jumamosi tulipokwenda masafa marefu, kilomita 24, kilomita 28, hata 32, alitufuata kwa baiskeli ya mumewe akiwa na maji yetu na saa mkononi, akitukaripia tulipozubaa. Katikati ya Januari alikimbia kilomita 12 bila kusimama na asubuhi yake namba ilikuwa mbili. Mwanzo wa Februari alifika kilomita 20. Hapo ndipo alipofika, hakupita, kwani majuma mawili ya mwisho kila mkimbiaji hupunguza mazoezi ili aingie mbioni akiwa na nguvu mpya.

Tuseme jambo moja hapa juu ya dawa, ingawa limetoka kando kidogo ya njia. Watu wema walimletea vidonge vya kutuliza maumivu, wengine wakashauri achomwe sindano katika kano yenyewe. Mtaalamu alikataza vyote. Vidonge kama diclofenac na ibuprofen, mtu akivimeza na kukimbia masafa marefu juani na maji yamempungua, vyaweza kudhuru figo, na zaidi ya hayo vyaficha ile namba tuliyokuwa tukiitegemea; ni kama kuweka kidole juu ya mizani. Sindano ya dawa jamii ya kotizoni karibu na kano hiyo yaweza kuifanya ikatike. Na iko dawa ya vijidudu iitwayo ciprofloxacin, ambayo wengi wetu huinunua dukani tumbo likiuma, nayo yajulikana kudhoofisha kano kwa baadhi ya watu. Mwenye kano mgonjwa amwambie mganga habari hiyo kabla hajaandikiwa dawa yoyote.

Sasa tuje kwenye maneno ya watu, ambayo yalikuwa mazito kuliko mkoba wa maharage. Sisi ni watu wa Mbulu, na Mbulu ni nyumbani kwa John Stephen Akhwari. Hakuna mtoto hapa asiyejua kwamba mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji na kuendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha shinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, giza likiwa limeingia, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, na wakimbiaji 75 ndio walioanza. Basi kila mpima mizani alipopita sokoni aliambiwa: "Akhwari alimaliza. Wewe utashindwaje?"

Heshima yetu kwa mzee huyo haina mpaka. Lakini twasema kwamba waliomtumia kama fimbo hawakuisoma habari yake vizuri. Akhwari aliumia katikati ya mashindano, siku ile ile, baada ya kujitayarisha akiwa mzima. Aliulizwa swali la saa chache, akalijibu. Mpima mizani aliulizwa swali la majuma 13, kila asubuhi upya. Tena watu husahau yaliyofuata: mwaka 1970, huko Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni. Goti lile basi lilitunzwa likapona. Mtu hawi wa tano kwa ushujaa pekee.

Mwezi wa Januari tulifanya kikao cha wakimbiaji, makatibu wa vyama sita, na wajumbe wawili wa Halmashauri. Ajenda ilikuwa moja: ikiwa mpima mizani hatamaliza, ahadi zake zitakuwaje? Kikao kilikuwa kikali. Mzee mmoja, mtu mwaminifu sana katika malipo, alisema: "Mimi niliandika kwa kilomita. Chama kinilipe mbaazi kwa kilo, nami nilipe mbio kwa kilomita. Tukianza kukisia, ushirika umekufa." Hapakuwa na wa kumcheka, kwa maana alisema kweli. Mama mmoja alimjibu: "Baba, sisi tuliandika kwa ajili ya wazazi. Tukimwambia huyu kwamba fedha zimefungwa kwenye mguu wake, tumemwambia auvunje." Naye pia alisema kweli.

Ndipo mmoja wetu, ambaye ni mwalimu, alipoleta habari za kijana wa Kanada aitwaye Terry Fox. Kijana huyu alikatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 1977, akiwa na miaka 18, kwa sababu ya saratani ya mfupa. Aliwaona watoto wagonjwa hospitalini, akakusudia kukimbia nchi nzima toka bahari hata bahari ili kuchanga fedha za kutafuta tiba. Alijizoeza kwa zaidi ya mwaka kwa mguu wa bandia, na kigutu chake kikipata vidonda. Alianza safari tarehe 12 Aprili 1980, akikimbia karibu marathoni moja kila siku. Alitaka kila Mkanada atoe dola moja. Tarehe 1 Septemba 1980, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, alisimama karibu na mji wa Thunder Bay: saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Hakumaliza. Alikufa tarehe 28 Juni 1981. Lakini fedha nyingi zaidi ziliingia baada ya yeye kusimama, si kabla. Ilipofika Februari 1981 zilikuwa zimepita dola milioni 24, sawa na hesabu ya watu wa nchi yake, dola moja kwa mtu, kama alivyoomba. Na Septemba ya mwaka ule watu zaidi ya laki tatu walijitokeza kukimbia na kutembea kwa jina lake.

Mwalimu hakusema zaidi. Mzee wa kilomita alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi kilomita zilitembewa na wengine." Neno lake hilo ndilo lililotoa azimio.

Tuliazimia kwamba mpima mizani ataanza marathoni kamili. Njia ya Moshi ilitusaidia katika hilo. Mbio za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 2003, huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, chuo kilichozaliwa mwaka 1963 kwa ajili ya kuwafundisha watu wa kazi kama zetu, kwa hiyo hatukuwa wageni pale. Wanaokimbia marathoni kamili hupewa kwanza barabara kuu iliyo tambarare, kwenda na kurudi. Kisha, karibu na nusu ya safari, hurudi mjini na ndipo hupanda kuelekea Mweka, katikati ya migomba na kahawa, na kuteremka. Kwa hiyo kano yake ingepewa sehemu iliyo rahisi mwanzoni, na mahali pa kuamua pangekuwa mjini, penye watu na gari, kabla ya mlima. Mmoja wetu angekimbia naye bega kwa bega. Kila kilomita tano angetaja namba. Ikipita 5, angesimama. Na hata isipopita, mwenzake akiona amebadili mwendo, anachechemea au anakwepa kisigino, angesimama pia, wala neno la mwisho lisingekuwa lake bali la mwenzake. Kilomita zitakazobaki zitakuwa mali ya chama chake cha msingi, na wanachama wake watazitembea wenyewe, nyumbani, kwa miguu yao. Mzee alitia sahihi wa kwanza.

Siku ya mbio tulianza alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi na Mlima umefunuka mpaka theluji. Juu ya sisi watano hatuna mengi ya kusema: tulimaliza, mmoja wetu akitapika, na wa mwisho kati yetu alipita saa tano. Mpima mizani alikwenda mwendo wa kupima, hakushindana na mtu. Kilomita ya tano alisema "mbili". Ya kumi, "mbili". Ya 15, "tatu", na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Waliporudi mjini, kilomita ya 21, mwenzake aliuliza, akajibu "nne". Nne si tano. Lakini mwenzake alikuwa amemtazama kwa kilomita mbili zilizopita, akaona mguu wa kulia waenda chini kwa ukingo wa nje na kunyanyuka upesi, kama kuku juu ya majivu ya moto. Akamwambia: "Dada, basi."

Alisema tena, "Nne," kwa sauti kubwa. Mwenzake akarudia, "Basi, dada." Walisimama pale kando ya barabara watu wakiwapita. Yeye aliutazama mlima ulio mbele yake, akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu, akalia kwa muda. Hakubishana. Baadaye alitembea polepole mpaka uwanjani, na sisi tulipoingia mmoja mmoja alikuwa pale mstarini na maji, akitusomea saa zetu.

Tulimpeleka kwa mtaalamu juma lile lile. Kano ilikuwa imevimba kidogo, haikuchanika. Alianza tena ngazi siku ya nne, bila mkoba.

Jumapili ya pili ya Machi 2025, kabla masika hayajakolea, chama chake cha msingi kilitembea. Walitoka ghalani, wakaenda hata kituo cha afya, wakazunguka kijiji cha pili na kurudi, kilomita 21. Na zile mita 195 wakazimaliza kwa kulizunguka ghala, kwa sababu mzee hakukubali zisamehewe. Walikuja wengi kuliko wanaohudhuria mkutano mkuu wa chama kile, jambo ambalo mwenyekiti wao amelitia moyoni. Walikuwamo wajawazito wawili waliotembea kipande cha mwisho, na yule bibi wa mayai aliyepanda mkokoteni, akasema ng'ombe amemtembelea. Kila aliyefika alipitia mizanini na ahadi yake, na mpima mizani alikuwa amekaa mahali pake, akipima visaga vya maharage na kuandika. Mayai 42 yalipokewa. Moja lilikuwa limepasuka, likalipiwa papo hapo. Wapo wawili walioandika kwa kilomita, wakalipa kwa kilomita 21 tu na kusema zaidi ya hapo hawakuahidi. Walilipa walichoandika, nasi hatuna neno nao.

Hesabu kamili ya fedha zilizopokelewa na zilizotumika anayo Mweka Hazina, na imebandikwa katika ubao wa kila chama cha msingi, ili kila mtu ajisomee. Kuta za nyumba zimefika kwenye linta. Mbao za kenchi zimenunuliwa. Mabati bado hayajatosha, na ahadi zilizobaki zapokelewa leo hapa hapa, meza ya kushoto, kwa fedha au kwa mazao, mizani imeletwa.

Mpima mizani yuko katika meza hiyo, na mwaweza kumwuliza wenyewe habari za kisigino. Asubuhi za baridi bado chakaza kidogo mpaka atembee. Bado anashuka kile kidato cha chini kila anapofunga ghala, siku hizi na kilo 15. Amejiandikisha kwa mbio zijazo za kilomita 21. Tulimkumbusha kwamba hizo ndizo zinazopanda Mweka tangu mwanzo, akasema anajua.